Denver na pitbull: marufuku iliyoshinda kesi zote, ikaangushwa na sanduku la kura

Mwaka 1989 Baraza la Jiji la Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, lilipitisha sheria ya kukataza mtu yeyote ndani ya mipaka ya jiji kumiliki, kufuga, kuuza au kumhifadhi mbwa wa aina ya pitbull. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miaka 31. Wafugaji waliishitaki katika mahakama za jimbo, bunge la jimbo likatunga sheria ya kuizima, mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaitilia shaka, na kanuni za watu wenye ulemavu zikaibana pembeni. Hakuna jaji aliyeifuta. Walioifuta ni wapiga kura wa Denver wenyewe, Novemba 2020.

Kisa hiki kina faida kwa yeyote anayefuga mnyama nyumbani na ambaye siku moja anaweza kupokea barua ya halmashauri ikimwambia amwondoe. Mtu akipata barua ya namna hiyo hukimbilia kusema "tutaonana mahakamani". Denver inatuonyesha kwa undani kinachomsubiri huko, na kwa nini watu wenye hoja nzito, ambao naamini kwa sehemu kubwa walikuwa na haki, walitoka mikono mitupu mara kwa mara.

Damu iliyotangulia sheria

Haitakuwa haki kuanza na mateso ya mbwa bila kutaja ya binadamu. Oktoba 1986 mtoto wa miaka 3 aliuawa na pitbull jijini Denver. Mei 1989 mchungaji mmoja alishambuliwa na pitbull kwenye uchochoro, akang'atwa zaidi ya mara 70 na kuvunjwa miguu yote miwili. Mji mzima ulizizima. Madiwani walikuwa wakikutana na wapiga kura wenye hofu ya kweli, na miji mingine ya Marekani ilikuwa imekwisha kuchukua hatua kama hiyo: kijiji cha Tijeras, New Mexico, kilipiga marufuku pitbull mwaka 1984, na mahakama za huko zikakiunga mkono.

Kwa hiyo sheria ya Denver ilizaliwa haraka, ila haikuandikwa ovyo, na hilo ndilo lililoiokoa baadaye. Kifungu cha 8-55 cha sheria za jiji kilieleza pitbull kwa njia tatu. Kwanza, mbwa wa American Pit Bull Terrier, American Staffordshire Terrier au Staffordshire Bull Terrier. Pili, mbwa yeyote mwenye sehemu kubwa ya maumbile ya mojawapo ya mbegu hizo. Tatu, mbwa ambaye sifa zake zinalingana kwa kiasi kikubwa na viwango vilivyowekwa na vyama vya mbwa vya American Kennel Club au United Kennel Club.

Njia ya pili ndiyo iliyowakumba watu wengi. Mbwa aliyeokotwa mtaani, mama hajulikani, baba hajulikani, akiwa na kichwa kipana, shingo nene na kifua kilichojaa, tayari alikuwa ndani ya marufuku. Hakuna aliyehitaji kuthibitisha ukoo wake. Lililotazamwa ni umbo.

Waliokuwa na pitbull kabla ya sheria kuanza waliruhusiwa kubaki nao kwa masharti. Mmiliki awe ametimiza miaka 21, amsajili mbwa, amchanje, amhasi, amfungie mahali salama, amfunge kinywa anapomtoa nje, na awe na bima ya dola 100,000 kwa madhara ambayo mbwa huyo angeweza kusababisha. Msomaji ashike hapo, kwa sababu masharti haya tutayarudia. Jiji lenyewe lilikuwa limekiri kwa maandishi kwamba ipo njia ya kuishi na mbwa hawa bila kuwaondoa.

Kwa wengine wote hapakuwa na nafuu ya maana. Maofisa wa wanyama walikuwa na mamlaka ya kumchukua mbwa papo hapo. Mmiliki aliweza kuomba kusikilizwa ili abishe kwamba mbwa wake si pitbull. Akishindwa, mbwa aliuawa, isipokuwa mwenyewe atoe uthibitisho kwamba atamhamishia nje ya Denver moja kwa moja na alipe gharama za kumtunza kizuizini. Mbwa akikamatwa jijini mara ya pili, hapakuwa tena na mjadala.

Kesi ya kwanza, 1991

Chama cha Colorado Dog Fanciers, pamoja na vyama vingine na wamiliki mmoja mmoja, kilifungua kesi. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Colorado, iliyotoa uamuzi wake mwaka 1991. Walalamikaji walitumia karibu kila silaha ambayo sheria ya Marekani inampa raia dhidi ya baraza lake. Walisema sheria haieleweki, kwamba inakumba hata mbwa wasio na hatia, kwamba inawabagua wenye mbegu moja na kuwaacha wenye mbegu nyingine kali, kwamba inawanyima utaratibu wa haki, na kwamba inatwaa mali zao bila fidia. Wakashindwa katika yote.

Hoja ya kutoeleweka ndiyo iliyoonekana kuwa na nguvu zaidi, na walikuwa na sababu ya kuitegemea. Mwaka uleule wa 1989 mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts ilikuwa imebatilisha sheria ya mji wa Lynn, iliyokuwa imetaja pitbull bila kueleza pitbull ni nani hasa. Denver haikuingia shimo hilo. Ilikuwa imetaja mbegu tatu kwa majina na kuambatanisha viwango vya vyama vya mbwa vinavyojulikana. Mahakama ikasema sheria haidai uhakika wa kihesabu. Madaktari wa mifugo, wazalishaji na wafugaji wenyewe humtambua pitbull kwa kumtazama, hata kama hawatumii kipimo cha kisayansi, na hiyo inatosha kumpa raia onyo la haki.

Kuhusu mali, mahakama ilipita katika njia ya zamani sana. Mwaka 1897 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyotoka New Orleans kuhusu mbwa aliyegongwa na kuuawa na tramu. Ilisema mbwa ni mali, lakini ni mali ya daraja la chini kisheria, na serikali ina uhuru mkubwa wa kuidhibiti ili kulinda watu. Anayesoma hukumu ile leo anaona wazi kwamba iliandikwa zama ambazo kichaa cha mbwa kilikuwa tishio la kila siku mijini. Lakini haijawahi kufutwa, na kila baraza la mji linaloshitakiwa kwa sababu ya mbwa huichomoa kabatini. Kutoka hapo hatua iliyofuata ilikuwa nyepesi: kutumia kwa busara mamlaka ya kulinda usalama wa umma si kutwaa mali, kwa hiyo fidia haipo.

Kisha likaja suala la ubaguzi, na hapa ndipo kesi ilipofia. Mahakama za Marekani zina mizani zaidi ya moja. Sheria ikigusa haki ya msingi, kama uhuru wa kusema, au ikiwatenga watu kwa rangi yao, serikali ndiyo inayobanwa ijieleze, tena kwa ukali. Kufuga mbwa wa mbegu fulani hakumo katika kundi hilo. Kwa hiyo ilitumika mizani nyepesi kuliko zote: je, kuna uhusiano wowote wa kimantiki kati ya sheria na lengo halali la serikali? Katika mizani hii sheria huchukuliwa kuwa halali tangu mwanzo, na anayeipinga ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba haina mantiki kabisa.

Ushahidi uliotolewa haukuthibitisha kwamba pitbull huuma mara nyingi kuliko mbwa wengine. Ungetegemea hilo liwasaidie walalamikaji. Halikuwasaidia, kwa sababu jiji lilikuwa na ushahidi mwingine kwamba pitbull anaposhambulia, madhara huwa makubwa zaidi na huenda hadi kifo. Ushahidi huo ulipingwa na wataalamu wa upande wa pili. Lakini chini ya mizani nyepesi, wataalamu wakitofautiana, jiji linashinda: tofauti yenyewe inaonyesha kwamba baraza lilikuwa na sababu ya kufikiri lilivyofikiri.

Mawakili wa kawaida, hata wazuri, hupotea hapo. Wanaandaa kesi kana kwamba jaji ataamua nani yuko sahihi kuhusu mbwa, wakileta takwimu, wataalamu wa tabia za wanyama, na picha za mbwa amelala na watoto. Jaji anatafuta jambo dogo zaidi, yaani kama mtu mwenye akili timamu angeweza kuamini kile baraza lilichoamini. Kwa kumbukumbu ya mtoto na mchungaji, jibu la Denver lilikuwa ndiyo kabla ya shahidi wa kwanza kuapa.

Wala haikuwa Colorado peke yake. Mji wa Toledo, Ohio, uliwahi kuweka kikomo cha pitbull mmoja kwa kaya. Mkazi mmoja aliyekuwa na watatu alishitakiwa, akaenda hadi rufaa na kushinda mwaka 2006. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Ohio ikaupindua ushindi wake kwa mantiki ileile ya Denver.

Bunge la jimbo laingilia kati

Walioshindwa kwa majaji waligeukia wabunge. Mwaka 2004 Colorado ilipitisha sheria kuhusu mbwa hatari iliyompa aliyeumwa njia ya kumdai fidia mmiliki, na ndani yake ikaweka sharti zito: mji una ruhusa kutunga sheria za kudhibiti mbwa hatari, lakini usitumie mbegu ya mbwa kama kigezo. Kwa maneno mengine, mhukumu mbwa kwa alichotenda. Denver ikasimamisha utekelezaji wa marufuku yake, kisha ikaishitaki serikali ya jimbo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, jambo la jiji kuishitaki serikali iliyo juu yake linaweza kushangaza. Lakini katiba ya Colorado, katika ibara yake ya 20, inaipa miji yenye katiba zake yenyewe mamlaka ya kujiamulia mambo yake ya ndani. Sheria ya jimbo ikigongana na sheria ya mji wa aina hiyo, mahakama huuliza kwanza jambo lenyewe ni la nani. Kama ni la jimbo zima au la pande zote mbili, jimbo hushinda. Kama ni la mji tu, mji hushinda hata kama bunge limesema kinyume.

Desemba 2004 jaji wa Denver aliamua kwamba udhibiti wa mbwa mjini ni jambo la mji. Baada ya hoja zilizobaki kumalizwa mwaka uliofuata, marufuku ilianza tena kutekelezwa Mei 2005.

Naona uamuzi huu ulikuwa dhaifu kuliko ule wa 1991. Mbwa hapandi basi peke yake, lakini wafugaji husafiri, huhama, hupita Denver wakielekea kwingine, na jiji lilipofukuza mbwa wake liliitupia miji jirani. Mwaka huohuo wa 2005 Aurora, mji unaopakana na Denver, nao uliweka marufuku. Ukuta mmoja ulizaa mwingine, na hilo ni jambo la jimbo kwa maana yoyote ninayoweza kuielewa.

Kilichofuata kilikuwa kipindi kigumu kuliko vyote. Watu walikuwa wamechukua mbwa katika ule muda wa kusimamishwa, au walikuwa nao siku zote kwa kujificha. Maofisa wakapita majumbani. Wengine waliwapeleka mbwa wao kwa ndugu nje ya mji, wengine wakauza nyumba na kuhama. Vikundi vya uokoaji vikawa vinawasafirisha mbwa usiku na mchana kuwatoa Denver. Zaidi ya mbwa elfu moja waliuawa kwenye kituo cha wanyama cha jiji katika miaka iliyofuata, na wengi wao hawakuwa wamemuuma mtu yeyote. Mbwa hakuulizwa alichofanya. Alipimwa kichwa, mkia, misuli ya taya, kisha fomu ikajazwa.

Mlango uliofunguka nusu

Kesi iliyofuata ndiyo ninayoiona kuwa na mafunzo mengi kuliko zote, ingawa matokeo yake hayakuonekana mitaani. Wamiliki watatu waliokuwa wakazi wa Denver walikwenda mahakama ya shirikisho. Mahakama ya chini iliitupa kesi yao mapema, kwa karatasi tu, kabla ya ushahidi. Wakakata rufaa, na Mei 2009 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 10 ikatoa uamuzi wa pande mbili.

Upande wa kwanza uliwaumiza. Walikuwa wamehama Denver, na mahakama ikasema kwa kuwa hawaishi tena huko, marufuku haiwatishii tena, hivyo hawana tena sifa kisheria ya kuomba izuiwe kwa siku zijazo. Walibakiwa na haki ya kudai kwa yaliyokwisha kuwapata. Fikiria hali hiyo kwa makini. Ukitii amri ukamhamisha mbwa wako, unapoteza uwezo wa kuomba amri hiyo izuiwe. Ukikaidi ukabaki, mbwa anauawa kabla kesi haijasikilizwa. Sheria inayomweka raia katika hali hiyo inajilinda yenyewe isifikiwe, na majaji wana wajibu wa kuliona hilo.

Upande wa pili uliwapa matumaini. Walalamikaji walidai kwamba hata kama mwaka 1989 baraza lilikuwa na sababu ya kuamini pitbull ni hatari ya kipekee, elimu imesonga, na leo imani hiyo haina msingi. Mahakama ya rufaa ikasema dai hilo haliwezi kutupwa kwa karatasi tu. Ikarudisha kesi chini. Uzito wake ni huu: mantiki ya sheria inaweza kuchakaa. Sababu iliyotosha juzi si lazima itoshe leo, na raia ana nafasi ya kuleta ushahidi mpya.

Ushahidi mpya ulikuwepo kweli. Mwaka huohuo wa 2009 Victoria Voith na wenzake huko California walichapisha utafiti mdogo wa mbwa 20 waliokuwa wamechukuliwa kutoka vituo vya wanyama. Walilinganisha mbegu zilizotajwa na vituo kwa kumtazama mbwa na zile zilizoonekana kwenye vinasaba vyake. Kwa asilimia 87.5 ya mbwa waliokuwa wametajiwa mbegu maalumu, si mbegu zote zilizotajwa zilionekana kwenye kipimo. Idadi ya mbwa ni ndogo, na sitaki kuibebesha zaidi ya uwezo wake. Lakini inagusa moja kwa moja lile neno la 1991 kwamba kumtazama mbwa kunatosha. Kama wanaofanya kazi na mbwa kila siku wanakosea hivyo, mwenye mbwa chotara atajuaje kwamba anavunja sheria?

Hata hivyo, kesi iliporudi chini haikuzaa amri ya kuifuta marufuku. Kupata nafasi ya kusikilizwa ni jambo moja. Kushinda chini ya mizani nyepesi ni jingine.

Pembeni, mwaka 2010, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa kanuni mpya za sheria ya watu wenye ulemavu, zilizoanza kutumika Machi 2011. Katika maelezo yake ilisema serikali za mitaa haziwezi kumzuia mbwa wa kumhudumia mwenye ulemavu kwa sababu ya mbegu yake pekee. Lazima zitazame mwenendo wa mbwa mwenyewe. Kwa kundi dogo la watu, kile ambacho wengine wote walikiomba kwa miaka 20 kilipatikana kwa kanuni ya wizara, kwa sababu kwao mizani ilikuwa tofauti.

Mwaka 2020

Diwani Chris Herndon alipeleka pendekezo la kuondoa marufuku na kuweka kibali mahali pake. Msimamo wake ulikuwa kwamba wataalamu wa wanyama hawaungi mkono sheria zinazolenga mbegu, na kweli chama cha kitaifa cha madaktari wa mifugo cha Marekani kinazipinga. Februari 2020 baraza lilipitisha pendekezo hilo kwa kura 7 dhidi ya 4. Siku chache baadaye Meya Michael Hancock akalipiga kura ya turufu, ya kwanza tangu ashike madaraka mwaka 2011. Alisema pendekezo hilo lingeongeza hatari kwa usalama wa umma, na kwamba mfumo wa kibali utategemea wafugaji kujisajili katika jiji ambalo sehemu ndogo tu ya wanyama wake imesajiliwa.

Hoja hiyo ya pili ya meya ni ya kweli na inastahili heshima. Lakini inakata pande zote mbili: jiji lisilojua mbwa wake walipo halikuwa linalindwa na marufuku pia. Waliojitokeza na kutii ndio waliopoteza mbwa, na waliojificha walibaki nao bila chanjo, bila kuhasiwa, bila kumpeleka kwa daktari kwa kuogopa kuripotiwa.

Baraza lilijaribu kuishinda turufu hiyo na kupata kura 8 dhidi ya 5. Zilihitajika 9. Basi suala likapelekwa kwa wananchi kama swali 2J kwenye uchaguzi wa Novemba 2020, na takribani asilimia 65 wakasema marufuku iondoke.

Kuanzia Januari 2021 mkazi wa Denver anaweza kufuga pitbull kwa kibali cha mbegu zenye masharti. Kikomo ni wawili kwa kaya. Mbwa lazima awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, chanjo ya kichaa cha mbwa na awe amehasiwa; mmiliki ataje watu wawili wa kupigiwa simu dharura ikitokea, na atoe taarifa haraka mbwa akitoroka. Akikaa miezi 36 bila kosa, anaweza kuondolewa kwenye masharti hayo na mbwa wake akawa mbwa kama wengine. Linganisha na masharti waliyopewa wenye mbwa wa zamani mwaka 1989, na utaona kwamba Denver ilichukua miaka 31 kurejea karibu na pale ilipokuwa imeanzia kwa baadhi ya watu wake.

Kama kesi hii ingekuwa huku kwetu

Nasema hili kwa sababu mabaraza yetu yana mamlaka hayohayo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda maslahi yao, na inataja kwa jina utoaji wa leseni za mbwa. Tanzania, halmashauri hutunga sheria ndogo chini ya Sura ya 287 na ya 288, yaani sheria za serikali za mitaa, na sheria ndogo hizo huhitaji kupitishwa na waziri. Kwa hiyo mpinzani wa sheria ndogo Tanzania huanza kwa kuuliza kama sheria mama ilitoa mamlaka hayo na kama utaratibu wa kuipitisha ulifuatwa, kabla hajafika kwenye swali la busara yake.

Kenya ndiyo inayotofautiana na Denver kwa kiasi cha kubadilisha matokeo. Kifungu cha 40 cha Katiba yake kinalinda mali, na Kifungu cha 260 kinapoeleza mali kinahesabu bidhaa na vitu binafsi vya mtu, bila kumwekea mbwa daraja la chini kama ile hukumu ya 1897. Kisha kuna Kifungu cha 24. Kinasema haki ikiwekewa mpaka, mahakama itazame uhusiano kati ya mpaka huo na lengo lake, na kama ipo njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo hilo. Na katika kifungu kidogo cha tatu kinambebesha mzigo wa kuthibitisha yule anayetaka kuweka mpaka, si yule anayelalamika.

Weka kisa cha Denver chini ya vigezo hivyo. Yale masharti ya 1989 ya bima, kufunga kinywa na kuhasi, ambayo mahakama ya Colorado haikulazimika kuyapa uzito, yangekuwa moyo wa kesi. Wakili wa mlalamikaji angesimama na kusema: kaunti imekwisha kuonyesha kwa mkono wake kwamba ipo njia nyepesi, imeitumia kwa mbwa wa jana, sasa ieleze kwa nini haimfai mbwa wa leo. Na kaunti ndiyo ingelazimika kuleta takwimu za majeruhi, rekodi za hospitali na maelezo ya maofisa wake. Wataalamu wakigawanyika, mgawanyiko huo ungemuumiza mwenye mzigo.

Sisemi kwamba mlalamikaji angeshinda bila shaka. Kifungu cha 40 hakimpi mtu haki ya kuhatarisha majirani, na ningekuwa jaji ningetaka kuona ukuta wa uwanja wake una urefu gani. Lakini mwenye barua ya kaunti mkononi ana mambo matatu ya kufanya kabla ya kumlipa wakili. Aombe kwa maandishi kumbukumbu za ushirikishwaji wa umma zilizotangulia sheria ile, kwa sababu Kifungu cha 196 kinaitaka kaunti ishirikishe wananchi, na sheria iliyopitishwa kwa haraka baada ya msiba mara nyingi huwa na upungufu hapo. Aombe sababu za maandishi za amri iliyomlenga yeye, kama Kifungu cha 47 kinavyomruhusu. Na asimwondoe mbwa wala kumficha. Aombe mahakama isimamishe utekelezaji kwanza, mbwa akiwa bado nyumbani, ili asije akajikuta pale walipokwama wale watatu wa Denver.